Tone la damu linaloongozwa na umeme

Tuanze na mutoto mumoja mwenye homa. Siku ya pili macho yake yamekuwa mekundu, kamasi zinatiririka, kikohozi hakimuachi. Siku ya ine upele mwekundu unatokea nyuma ya masikio na usoni, kisha unashuka kifuani. Mama anamubeba mugongoni, anaacha ukingo wa ziwa kule Moba, anapanda njia ya mulima mupaka Kirungu. Muuguzi anamutazama mutoto mbele na nyuma, anamupima joto, kisha anasema: « Labda ni surua. »

Labda. Neno hili moja linatosha kutupa kazi ya kurasa hizi.

Maana surua ina jirani anayefanana nayo, jina lake rubela. Hiyo nayo inaleta homa na upele mwekundu, lakini kwa mutoto ni ugonjwa mwepesi: siku tatu hivi, na umekwisha. Hatari yake iko mahali pengine. Mwanamuke mwenye mimba changa akiambukizwa, virusi vinapita mupaka kwa kitoto tumboni. Pengine mimba inatoka. Pengine mutoto anazaliwa hai, lakini macho yana utando mweupe, masikio hayasikii, moyo una kasoro. Munganga wa macho Norman Gregg, wa Sydney katika inchi ya Australia, ndiye aliyetambua jambo hilo kwanza, mwaka 1941, alipoona watoto wachanga wengi wenye macho ya namna hiyo wakiletwa kwake muda mufupi baada ya rubela kupita katika inchi. Akawauliza mama zao habari za mimba, akaelewa.

Kwetu mutoto akizaliwa kipofu na kiziwi, mara nyingi ukoo hautafuti virusi, unatafuta mulozi. Padri akiitwa kupatanisha watu hao atakuta bibi kizee mumoja ameshitakiwa, na miezi saba ao minane imepita tangu ule upele mudogo ambao hakuna mutu anayeukumbuka tena. Kwa hiyo si neno la bure kujua kama upele huu ni surua ao ni rubela. Mutoto wa surua anahitaji vitamini A na uangalizi, na wenzake wa kijiji wanahitaji chanjo upesi. Kwa rubela, wenye kuangaliwa kwanza ni mama wenye mimba.

Kwa macho tu hata munganga hodari hukosea. Inafaa kuuliza damu. Lakini kwa miaka mingi damu ya namna hiyo ilitumwa Kinshasa, katika laboratori ya taifa, na kutoka Kirungu mupaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500, hata kama ungeruka kama ndege bila kupinda. Ongeza barafu ya kulinda damu, ongeza safari ya kwenda kungoja ndege, ongeza siku za kungoja zamu katika laboratori. Jibu linarudi, na ugonjwa umekwisha kupita katika vijiji vitatu vingine.

Ndiyo maana habari nitakayoeleza inatuhusu, ingawa mwanzo wake utaonekana kama mchezo wa watoto wa shule: kuna kibamba cha plastiki kinachoweza kushika tone moja la damu, kulisogeza kushoto na kulia, kulichanganya na dawa, kuliosha na kulipima, bila bomba, bila pampu, bila mukono wa mutu. Kinachoamuru tone ni umeme.

Maji madogo si kama maji makubwa

Kwanza inafaa kuondoa mazoea yetu. Sisi tunajua maji ya mutungi na ya ziwa: yana uzito, yanashuka, yanatafuta mahali pa chini. Lakini punguza kiasi, na tabia inabadilika. Tazama umande juu ya jani la magimbi. Tone limekaa kama shanga, halitandazi, na ukiinamisha jani kidogo linabingirika lote. Tazama vilevile wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji yaliyotulia, hawazami. Maji yana kitu kama ngozi. Kila punje ya maji inavuta jirani zake, na zile za juu, kwa kuwa hazina jirani upande wa hewa, zinavutana kwa kando na kwa ndani, basi uso wa maji unajikaza kama ngozi ya ngoma.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua tone, ulifanye kuwa dogo mara 10 kwa urefu, upana na kimo. Uzito wake unapungua mara 10 mara 10 mara 10, ni kusema mara 1,000. Lakini nguvu ya ngozi inafuata urefu wa ukingo tu, basi inapungua mara 10 peke yake. Kwa hiyo, ngozi ikilinganishwa na uzito, imepata nguvu mara 100 zaidi. Katika tone la mikrolita moja, ni kusema maji yanayojaza kijisanduku cha milimeta moja kila upande, ngozi ndiyo mufalme, na uzito ni mutumishi wake.

Ndiyo sababu ni vigumu kusukuma maji kidogo hivyo kwa bomba. Ngozi inashikamana na kuta, na kipovu kimoja cha hewa kinatosha kufunga njia. Wataalamu wengi wametengeneza vijibomba vyembamba kama unywele na pampu zake, na vinafanya kazi nzuri katika laboratori kubwa. Lakini wengine walisema: kama ngozi ndiyo mufalme, tushauriane na mufalme mwenyewe. Tukiweza kugeuza nguvu ya ngozi mahali tunapotaka, tone litakwenda lenyewe.

Kitana, zebaki na karatasi nyembamba

Kila mwanafunzi amefanya jaribio la kitana. Unakisugua kwa nguo ya sufu, unakikaribisha kwa vipande vidogo vya karatasi, navyo vinaruka na kukamata. Angalieni vizuri: karatasi haina umeme wowote wa ziada. Kwa nini basi inavutwa? Kwa sababu ndani yake mna umeme wa namna mbili uliochanganyika sawasawa, na kitana kinauvuta wa namna moja karibu nacho na kuusukuma wa namna nyingine mbali. Wa karibu unavutwa kwa nguvu kuliko wa mbali unavyosukumwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayorusha karatasi. Maji ya bomba nayo, yakitiririka kama uzi mwembamba, yanapinda kuelekea kitana. Mukishika jambo hili moja mumeshika nusu ya habari yote.

Wa kwanza kupima ginsi umeme unavyogeuza ngozi ya kitu cha majimaji ni Gabriel Lippmann, aliyezaliwa Luxembourg na kufundisha miaka mingi Paris. Mwaka 1875 alieleza kwamba zebaki katika kijibomba chembamba, ikigusana na maji yenye asidi, inapanda ao kushuka ukiipa umeme kidogo. (Nobel aliyoipata mwaka 1908 ilikuwa kwa kazi nyingine, ya picha za rangi.) Lakini ukitaka kufanya hivyo kwa maji ya kawaida juu ya chuma, unapata taabu: umeme unaingia majini na kuyapasua, vipovu vya hidrojeni na oksijeni vinatokea, na tone linaharibika. Damu ingeharibika upesi zaidi.

Dawa ya taabu hiyo ni nyepesi mupaka mutu anashangaa kwamba ilingojewa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1993 Mufaransa Bruno Berge, kule Grenoble, aliandika kwamba yafaa kutenganisha maji na chuma kwa tabaka nyembamba isiyopitisha umeme. Basi umeme haupiti, unajikusanya tu pande mbili za tabaka, moja katika chuma na mwingine chini ya tone, na hizo mbili zinatazamana na kutakana bila kukutana. Tone lililokaa kama shanga linalala na kutandaa. Zima umeme, linajikusanya tena.

Sasa jenga kiwanja. Juu ya kioo ao plastiki chora vijipande vingi vya chuma vyenye pembe ine, kama ubao wa dama, kila kimoja na waya wake. Tuviite elektrodi. Vifunike kwa tabaka isiyopitisha umeme, na juu yake paka kitu kinachokataa maji, kwa mufano Teflon, ile ya vikaango, ambayo kwa tone ni kama jani la magimbi. Weka tone juu ya elektrodi moja, lakini liwe kubwa kidogo kupita elektrodi, ukingo wake uguse jirani. Kisha funika kwa kioo cha pili chenye chuma chembamba upande wa chini, tone likae kama nyama katikati ya mukate. Ukitia umeme katika elektrodi ya jirani, ule ukingo unaoigusa unavutwa, na tone lote linafuata na kukaa juu yake. Tia umeme katika inayofuata, linaendelea. Ukitia katika elektrodi mbili za kando, kushoto na kulia, na kuzima ya katikati, tone linanyoshwa, linakonda kiunoni, linakatika kuwa mawili. Ukileta matone mawili mahali pamoja yanaungana. Kutembea, kukata, kuunganisha: kwa mambo hayo matatu munganga wa laboratori anaweza kufanya karibu kila kazi aliyoifanya kwa vijibomba na mirija. Mwaka 2000 wataalamu wa universite ya Duke, katika Marekani, walitangaza mutambo wao wa kusogeza matone kwa namna hiyo, na tangu hapo kazi imeenea katika universite nyingi.

Msomaji anayependa hesabu atauliza: nguvu yake ni kiasi gani? Tufanye mufano wa daftari. Tabaka ina unene wa mikrometa 5, ni kusema sehemu moja ya 200 ya milimeta. Namba yake ya umeme ni 3, kama plastiki nyingi. Elektrodi ina upana wa milimeta 2. Umeme ni volti 100. Kila meta moja ya mraba ya tabaka inashika umeme wa farad 0.0000053. Zidisha kwa volti 100 mara mbili, gawanya kwa 2, zidisha kwa upana wa elektrodi: unapata kama mikronyutoni 53. Ni kidogo sana, si ndiyo? Lakini tone lenyewe, milimeta 2 kwa 2 na kimo cha milimeta 0.15, lina uzito wa miligramu 0.6 tu, na dunia inalivuta kwa mikronyutoni 6. Umeme unavuta karibu mara 9 kuliko uzito wote wa tone. Kwa kweli sehemu ya nguvu hiyo inaliwa na kushikamana kwa kingo, lakini inabaki ya kutosha.

Hesabu hiyo inafundisha jambo jingine. Volti zinazidishwa kwa zenyewe, basi ukiziongeza mara 2, nguvu inaongezeka mara 4. Na kwa sababu hiyohiyo haidhuru kama umeme ni wa kujumlisha ao wa kutoa: ukizidisha namba ya kutoa kwa yenyewe, jibu ni la kujumlisha. Kwa hiyo umeme unaogeuka-geuka mara elfu nyingi kwa sekunde unavuta upande uleule. Volti 100 ni nyingi kwa kidole cha mutu, kweli; lakini umeme unaopita ni kidogo kabisa, maana njia imefungwa na tabaka, na betri ndogo yenye chombo cha kuongeza volti inaweza kuutoa. Mahali pasipo waya za umeme hilo si neno dogo.

Kati ya wataalamu kuna ubishi mumoja. Wengine wanasema tone linakwenda kwa sababu ngozi yake imelegezwa upande mumoja. Wengine wanasema ni umeme wenyewe unaovuta ukingo wa maji, kama kitana na karatasi, na kulala kwa tone ni alama tu. Mimi naona wa pili wana haki zaidi, kwa sababu maneno yao yanaeleza pia matone yasiyobadilika umbo sana. Lakini kwa nguvu yenyewe hesabu za pande zote mbili zinatoa jibu moja.

Kutoka Toronto mupaka Kakuma, kutoka Kakuma mupaka Kinshasa

Damu ya mutoto inahojiwa namna gani? Surua ikiingia mwilini, mwili unatengeneza walinzi ambao waganga wanawaita antikorpi. Kila namna ya antikorpi inakamata adui wake mumoja, kama ufunguo na kufuli yake. Wa kwanza kutoka wanaitwa IgM. Hao wanaonyesha ugonjwa wa siku hizi. Baadaye wanakuja IgG, ambao wanabaki miaka mingi. Hao wanashuhudia kwamba mutu aliugua zamani ao alipata chanjo. Basi ukikuta IgM ya surua, mutoto anaugua surua sasa. Ukikuta IgG peke yake, amekwisha kuwa na kinga.

Katika kibamba mna punje ndogo sana zinazovutwa na sumaku, zimepakwa vipande vya virusi vya surua, na nyingine za rubela. Tone la sehemu ya damu isiyo na chembe nyekundu linaongozwa juu ya punje hizo. Antikorpi zikiwamo, zinakamata. Sumaku inapanda kutoka chini na kushika punje, tone chafu linaondolewa kwa umeme, tone la kuoshea linakuja, linaondoka, jingine linakuja. Kisha linakuja tone lenye antikorpi nyingine zilizofungiwa kichocheo. Hizo zinashika zile za kwanza. Kuosha tena. Mwisho linakuja tone la dawa ambayo kichocheo kinaifanya itoe mwanga. Mwanga hafifu, ambao jicho lisingeuamini, lakini chombo kinauhesabu. Mwanga mwingi maana yake antikorpi nyingi. Kazi hiyo yote, ambayo katika laboratori inachukua saa nyingi na mikono iliyozoea, inamalizika chini ya saa moja.

Waliotengeneza chombo hicho ni watu wa universite ya Toronto, katika Canada, chini ya mwalimu Aaron Wheeler. Vibamba vyenyewe walivichapa kwa mashini ya wino, kama ile ya kuchapa karatasi, lakini wino wake una fedha ndani. Ndiyo sababu bei yake haikuwa kubwa. Mwaka 2016 walikipeleka kambini Kakuma, katika Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, mahali pa jua kali na vumbi, penye wakimbizi wa Sudani ya Kusini, wa Somalia na wa Kongo yetu vilevile. Wakapima damu ya watoto na walezi wao, watu 144. Habari ilitangazwa mwaka 2018: kwa IgG, chombo kilipatana na laboratori kubwa katika watu kama 85 kwa mia.

Mwezi wa Septemba 2017 ikawa zamu ya Kongo. Chombo kilifika katika jimbo la Kinshasa, mahali ambapo watu walisema surua imetokea. Walipimwa wagonjwa 157 waliodhaniwa kuwa na surua. Yaliyoonekana, kama yalivyotangazwa mwaka 2022, yawafanye wote wanaoandika neno surua katika daftari za lopitali wakae kimya kidogo: IgM ya surua ilikutwa katika 13 kwa mia tu, IgM ya rubela katika 54 kwa mia. Zaidi ya nusu ya watu wale walikuwa na ule ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja, na ambao kwa wakati ule chanjo yake ilikuwa haijaingizwa katika inchi yetu. Na katika nyumba walizozipitia, wanawake 98 kwa mia walikuwa na IgG ya rubela. Ni kusema karibu wote walikuwa wameugua wakati fulani. Namba hiyo ina sura mbili: inaonyesha kinga ya wengi, na inaonyesha ginsi virusi vinavyotembea kimya kati ya watu.

Musidhani lakini kwamba surua yenyewe ni kivuli. Kufika Januari 2020 shirika la afya la dunia lilihesabu kwamba, tangu mwanzo wa 2019, watu zaidi ya 310,000 walidhaniwa kuwa nayo katika Kongo, na zaidi ya 6,000 walikufa. Ni kwa sababu hiyo hatuwezi kuendelea kuchanganya majina.

Je, chombo kinasema kweli siku zote? Hapana. Kwa IgM ya surua, katika wagonjwa 100 wa kweli kilitambua 88; na katika watu 100 wasio nayo, kiliwaachilia 89. Mutu atasema: vizuri, ni karibu tisini kwa mia. Ngoja tuhesabu. Tuseme katika watu 157 wenye surua ya kweli ni 20, na wasio nayo ni 137. Chombo kinakamata 18 kati ya wale 20. Katika wale 137 kinakosea 11 kwa mia, ni kusema watu 15. Basi kinaita watu 33 kwa jina la surua, na 15 kati yao wanasingiziwa. Karibu nusu! Kumbe kwa upande mwingine, wale 124 kilichowaambia « si surua », 122 waliambiwa kweli. Sasa geuza mufano: surua imewaka kweli, na katika 157 wagonjwa ni 100. Chombo kinakamata 88, kinasingizia 6 tu. Chombo ni kilekile, kosa ni lilelile, lakini neno lake lina uzito mwingine. Muuguzi asiyejua jambo hili atakiamini chombo kupita kiasi leo na kukitupa kesho. Wafratri wanaosoma logika watatambua hapa kitu walichokwisha kukiona.

Chembe na vidudu

Mupaka sasa tumesogeza matone. Lakini umeme unaweza pia kuchagua vitu vilivyo ndani ya tone. Kuna njia mbili. Ya kwanza: kitu chenye umeme wake kinaelea kuelekea upande wa kinyume. Kwa njia hiyo Arne Tiselius, wa Sweden, alitenga proteini za damu mwaka 1937, akapata Nobel mwaka 1948. Njia ya pili ndiyo ile ya kitana na karatasi: kitu kisicho na umeme wa ziada, kikiwa mahali ambapo nguvu ya umeme si sawa pande zote, kinavutwa kwenye nguvu nyingi ikiwa kinagawanyika ndani kwa urahisi kuliko maji yanayokizunguka, ao kinasukumwa mbali ikiwa maji ndiyo yanayogawanyika kwa urahisi zaidi. Herbert Pohl, Mumarekani, aliipa jina dielektroforesi mwaka 1951. Uzuri wake ni kwamba chembe moja inaweza kuvutwa ao kusukumwa kufuatana na wingi wa migeuko ya umeme kwa sekunde, na kila aina ya chembe ina mahali pake pa kugeuka. Basi ukichagua vizuri, unaweza kutuma chembe za namna moja kushoto na za namna nyingine kulia.

Jambo hili linagusa habari ya zamani ya ziwa letu. Miaka ya kwanza ya 1900 ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na inzi tsetse, ulimaliza vijiji vingi vya ukingo wa Tanganyika. Taabu ya ugonjwa huo ni kwamba vidudu vyake katika damu ni haba, na chembe nyekundu ni mamilioni. Ni kama kutafuta punje ya ulezi katika gunia la muchanga. Mwaka 1968 Sheila Lanham alionyesha kwamba umeme wa asili unaweza kuvitenga. Chembe nyekundu na vidudu vyote vina umeme wa kutoa, lakini chembe zina mwingi zaidi. Ukipitisha damu katika kijibomba kilichojazwa unga wenye umeme wa kujumlisha, chembe zinanaswa, vidudu vinapita na kuonekana chini. Kijibomba hicho kinatengenezwa Kinshasa, katika ile laboratori ya taifa INRB, na wapimaji wanaozunguka vijiji wamekitumia miaka mingi. Baadaye watu wa universite ya Glasgow walijaribu kwa dielektroforesi: elektrodi zilizopindwa kama nyumba ya konokono, damu juu yake, na migeuko ya umeme iliyochaguliwa hivi kwamba chembe nyekundu zinasukumwa inje na vidudu vinakusanyika katikati. Walitangaza mwaka 2012. Katika laboratori inafanya kazi. Kijibomba cha unga bado ndicho kilichozoea barabara mbaya.

Yanayosumbua

Kwa nini basi kibamba cha matone hakijakaa katika kila kituo cha afya? Shida ya kwanza ni damu yenyewe. Proteini zake zinapenda kushika kila kitu, hata Teflon. Tone likipita mara nyingi juu ya elektrodi moja linaacha utando usioonekana, ngozi ya maji inashikwa pale, na siku moja tone linakataa amri. Wengine wanatia sabuni kidogo ndani ya tone, wengine wanalizungushia mafuta lisiguse kiwanja. Shida ya pili ni jua: tone la mikrolita moja linakauka upesi katika hewa kavu, na likipungua ukingo wake haugusi tena elektrodi ya jirani. Hapo umeme unavuta mahali ambapo hakuna kitu. Shida ya tatu ni tabaka: mikrometa 5 tu, na tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kupitisha umeme, maji yanapasuka, kipovu kinatokea, na elektrodi hiyo imekufa. Vumbi la kiangazi likiingia wakati wa kufunika kibamba linaweza kutoboa tundu kama hilo.

Mutengenezaji mwerevu anakumbuka hayo na kuchora njia mbili ao tatu kuelekea mahali pamoja. Mashini inapima kila mara, kwa umeme uleule, kama tone limefika juu ya elektrodi iliyoamriwa. Isipolikuta, inaita tena, mara ya pili, mara ya tatu, kwa volti zaidi. Likikataa kabisa, inalipitisha kando.